Maswali ya Wasomaji: Mvinyo Mwekundu wa Vilimani, Namna ya Kuuonja na Muda wa Kuungoja

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kuhusu Barolo, mvinyo mwekundu unaotengenezwa kwa zabibu za aina ya Nebbiolo peke yake katika vilima vya Langhe, mkoani Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Barua zilizotufikia baada ya hapo ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na kwa kuwa baadhi zinaulizia jambo lile lile, tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Familia yetu ina shamba la zabibu kwenye ardhi tambarare, na zabibu zetu huiva vizuri. Kwa nini watu wa Barolo wanashikilia kwamba zabibu bora ni za mteremkoni, tena mteremko unaotazama kusini? Je, ni kweli, au ni maneno ya kibiashara? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ndugu yetu wa Dodoma, ni kweli, na sababu ya kwanza ni jua lenyewe. Kwenu, takribani nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, jua la adhuhuri hupita karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo mzabibu wa tambarare haukosi mwanga wowote ambao ule wa mteremkoni unaupata. Langhe iko karibu na nyuzi 44 na nusu kaskazini. Ifikapo Oktoba jua la huko huwa limeshuka sana upande wa kusini, na miale yake huifikia ardhi tambarare kimshazari ikiwa imepungua nguvu, ilhali mteremko unaotazama kusini huipokea kwa kuielekea. Tofauti hiyo isingekuwa na uzito kama zabibu zenyewe zingekuwa za kuiva mapema, lakini Nebbiolo huchipua kabla ya aina nyingine nyingi za Piemonte na huvunwa baada ya karibu zote, na mwanga wa majuma yale ya mwisho ndio unaoamua kama maganda na mbegu vitaiva au vitabaki vichungu.

Kisha kuna baridi na maji. Hewa baridi ni nzito, nayo usiku huteremka na kutuama bondeni, ambako ukungu wa vuli (majira ya majani kupukutika) hukaa mpaka asubuhi iende, na ambako jalidi ya mwanzo wa majira ya kuchipua inaweza kuyaunguza machipukizi kwa usiku mmoja. Mvua nayo haikai mteremkoni. Hutiririka, na mizizi hulazimika kuyafuata maji chini kwenye tabaka za udongo wa mfinyanzi wenye chokaa. Mzabibu unaohangaika kidogo namna hii huzaa vishada vichache vyenye tunda dogo na ganda nene kwa kulinganisha na maji yaliyo ndani yake, na ganda ndilo ghala la rangi, harufu na tanini, kile kinachokausha mdomo. Kanuni za Barolo zimeliandika jambo hili waziwazi: shamba lazima liwe kilimani, kati ya mita 170 na 540 juu ya usawa wa bahari, na miteremko inayotazama kaskazini moja kwa moja haikubaliwi kabisa.

Ninyi Dodoma mna neema nyingine, ile ya kuvuna mara mbili kwa mwaka. Lakini mzabibu wenu haupumziki kwa majira ya baridi, tunda huiva haraka katika joto, na uchachu wake hupungua mapema. Mvinyo wa namna hiyo hunoga ukiwa mchanga, na sioni sababu ya kuufungia kabatini miaka kumi kwa kuiga Barolo.

SWALI: Nimeonja Barolo mbili za mwaka mmoja wa mavuno. Ya La Morra ilikuwa laini na yenye harufu nzuri tangu mwanzo, lakini ya Serralunga d'Alba ilinishinda kabisa. Inawezekanaje vitu viwili tofauti hivyo vibebe jina moja? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Eneo la Barolo lina vijiji na miji 11, na udongo wake haufanani. Upande wa magharibi, yaani La Morra na kijiji cha Barolo chenyewe, udongo kwa sehemu kubwa ni wa mfinyanzi wenye chokaa, rangi yake ikielekea kijivu cha samawati, na una rutuba zaidi. Upande wa mashariki, Serralunga d'Alba na sehemu kubwa ya Monforte d'Alba, tabaka za ardhi ni za kale zaidi, zina mawe ya mchanga ndani yake na rutuba kidogo. Magharibi hutoa mvinyo unaofunguka mapema, wenye harufu ya waridi na tunda jekundu. Mashariki hutoa mvinyo wenye tanini nyingi na ulio mzito mdomoni, unaotaka kusubiriwa. Castiglione Falletto, iliyo katikati, huchukua kidogo huku na kidogo kule.

Tangu mwaka 2010 sheria inatambua pia majina 181 ya maeneo madogo ndani ya Barolo ambayo yanaweza kuandikwa kwenye lebo, kwa mfano Cannubi, Brunate au Vigna Rionda. Jina hilo lina maana kwa mnunuzi, kwa sababu linamwambia ni kilima gani na hivyo ni subira ya kiasi gani inahitajika. Kwa kipimo changu, Barolo nzuri ya La Morra huanza kuwa tamu kuinywa ikitimiza miaka minane au kumi, ilhali ya Serralunga naona ni dhuluma kuifungua kabla ya miaka kumi na mitano, isipokuwa mtengenezaji amekusudia iwe laini. Sharti hilo la mwisho ni zito, maana mkono wa mtengenezaji unaweza kuupindua mpangilio wote huu.

SWALI: Ninaishi Turin. Mzee mwenyeji wangu alifungua Barolo ya miaka mitano. Rangi yake ilikuwa hafifu, na mdomo wangu ulikauka nikashindwa kumaliza glasi. Yeye alitabasamu akasema kwamba mvinyo huo utakuwa wa ajabu baada ya miaka kumi mingine. Alijuaje? Mtu anaonjaje mvinyo mchanga akatambua mustakabali wake? (Msomaji, Turin)

JIBU: Dada yetu, swali lako ndilo gumu kuliko yote yaliyotufikia, nami nitalijibu kwa nafasi kubwa, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha na subira.

Anza kwa kuiondoa rangi katika hukumu yako. Chembe za rangi za Nebbiolo hushambuliwa upesi na oksijeni, kwa hiyo hata Barolo yenye nguvu nyingi huonekana hafifu. Iinamishe glasi juu ya karatasi nyeupe: katikati utaona wekundu unaopitisha mwanga kiasi cha kusoma maandishi yaliyo chini yake, na ukingoni rangi ya matofali inayoelekea chungwa, pengine hata kabla mvinyo haujafikisha miaka sita. Katika mivinyo mingine mingi rangi hiyo ingekuwa dalili ya uzee. Katika Nebbiolo ni hali yake ya kawaida. Kitu cha kukaguliwa kwa macho ni ung'avu. Mvinyo mchanga uliofifia na kuwa na rangi ya kahawia iliyokufa, usiong'aa, umeshaharibika.

Halafu nusa kabla ya kuzungusha glasi, na nusa tena baada ya kuizungusha. Barolo yenye afya hutoa waridi, cheri, majani makavu yenye harufu na, nyuma yake, kitu kinachofanana na lami ya barabara iliyopigwa na jua. Usitaabike kutafuta orodha ndefu ya harufu. Jiulize tu kama harufu ni safi, na kama inaongezeka kadiri glasi inavyokaa mezani. Mvinyo unaotoa kila kitu katika dakika ya kwanza na kunyamaza baadaye mara nyingi hauna safari ndefu.

Mdomoni ndiko kwenye ushahidi wenyewe. Chukua funda la wastani, lishike kwa muda wa sekunde kumi hivi, ulipitishe kila mahali, kisha utenganishe mambo matatu ambayo mwonjaji asiyezoea huyaita yote kwa jina moja la ukali. Uchachu huujua kwa mate yanayojaa pembeni mwa ulimi. Ukakasi, ambao ndio kazi ya tanini, huujua kwa ufizi na mashavu yanayokauka na kushikana. Ni hisia ile ile anayoipata mtu aliyeng'ata bibo ambalo halijaiva. La tatu ni tunda, yaani utamu wa harufu, usio wa sukari, unaojaza kaakaa. Nebbiolo ina viwili vya kwanza kwa wingi, na hilo lilikukausha mdomo.

Sasa uchunguze ukakasi huo ulivyo, maana haulingani. Ukiwa mwembamba, umeenea sawasawa kwenye ufizi wote, na haukuachii uchungu, umetoka kwenye maganda yaliyoiva, nao utalainika. Ukiwa umekaa nyuma ya ulimi, ukichoma na kuacha uchungu wa mbegu mbichi, umri hautauponya. Baada ya miaka ishirini utakuwa bado uko pale pale. Kisha umeze, au uteme ukipenda, na usubiri bila kusema neno. Hapa ndipo mwenyeji wako alipopata jibu lake. Ukiona kwamba ukakasi unaanza kuachia na nyuma yake waridi na cheri bado vipo, hata kama ni kwa mbali, basi tunda lina pumzi kuliko tanini na mvinyo huo unastahili kusubiriwa. Ikiwa kinachobaki ni ukavu mtupu, tunda litakufa kabla tanini haijalainika, na kuuweka ni kuutazama ukifa polepole. Watu husema kwamba umri hufanya mvinyo uwe mzuri. Mimi sikubaliani nao: umri hufunua uzuri uliokuwepo tangu shambani, na mvinyo usio na tunda katika ujana wake hauna kitu cha kufunua.

Fanya majaribio mawili zaidi ukipata nafasi. Kula kipande cha nyama iliyochomwa au jibini iliyokomaa, kisha onja tena. Protini hushikamana na tanini mdomoni, ukakasi hupungua, na tunda lililojificha hujitokeza. Kisha bakiza robo ya chupa, izibe, na uionje kesho yake jioni. Ikiwa imefunguka na kuwa nzuri kuliko jana, una mvinyo wenye nguvu ya kudumu. Ikiwa imepooza na kunuka kama tufaha lililokatwa na kuachwa, zinywe mapema chupa zilizobaki. Kipimo hiki si sawa na miaka ya kukomaa chupani, lakini sijaona kingine cha nyumbani kinachokikaribia.

Kinachotendeka katika miaka hiyo kumi ni hiki. Tanini na chembe za rangi huungana zenyewe kwa zenyewe na kufanya minyororo mirefu; mingine huwa mizito ikazama chini ya chupa kama mashapo, na ile inayobaki haikamati mdomo kwa ukali ule wa mwanzo. Uchachu haupungui sana, na ndio unaoufanya mvinyo wa zamani uonekane hai. Harufu ya tunda bichi hugeuka kuwa ya tunda lililokaushwa, ngozi, tumbaku na uyoga. Sheria inaitaka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ikiwa kwenye mbao, na ile inayoitwa Riserva ikae miezi 62. Huo ni mwanzo tu wa safari, na wanunuzi wengi wanaudhani kuwa ndio mwisho.

SWALI: Wengine hutumia mapipa makubwa sana na wengine mapipa madogo ya Kifaransa. Upi unadumu zaidi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Ugomvi huo uliwahi kuzigawa familia. Elio Altare wa La Morra, mwaka 1983, alichukua msumeno wa mashine akayakata mapipa makubwa ya baba yake ili aanze kutumia madogo ya lita 225, ilhali Bartolo Mascarello katika kijiji cha Barolo aliyashikilia mapipa makubwa mpaka alipofariki mwaka 2005. Pipa dogo jipya huingiza harufu ya vanila na moshi na hulainisha mvinyo mapema. Pipa kubwa la mwaloni, lenye maelfu ya lita na lililotumika miaka mingi, halitoi ladha yake, linaupa mvinyo hewa kidogo kidogo tu. Leo wengi wamekutana katikati. Yote mawili yanaweza kutoa mvinyo wa kudumu, lakini mimi huchagua pipa kubwa, kwa sababu mtu aliyelipia mvinyo wa kilima fulani anataka kukisikia kilima hicho, na vanila hufunika.

SWALI: Ndugu yangu aliniletea chupa sita za Barolo kutoka Milano. Ninataka kuziweka mpaka binti yangu, ambaye sasa ana miaka kumi, aolewe. Nyumba yetu haina kiyoyozi. Niziweke wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kaka yetu, nia yako ni njema na jibu halitakufurahisha: usiziweke nyumbani. Mvinyo wa kukomaa unahitaji nyuzijoto 12 hadi 14, giza, utulivu, na hewa yenye unyevu wa kadiri ya asilimia 70 ili kizibo kisikauke, huku chupa ikiwa imelazwa. Unyevu Mombasa mnao wa kutosha. Tatizo ni joto. Katika nyuzijoto 30 mabadiliko ya ndani huenda mbio na hayafuati utaratibu ule ule wa taratibu, bali mvinyo huiva kama uliopikwa na kunuka tunda la kuchemshwa, huku kimiminika kikitanuka na kukisukuma kizibo. Ukiona kizibo kimejitokeza juu ya mdomo wa chupa, au mvinyo unatanata chini ya kofia yake, madhara yameshaanza. Kubadilika kwa joto mchana na usiku nako huongeza madhara.

Kama ndugu yako anaweza kuzirudisha na kuzihifadhi Milano kwenye chumba cha chini ya ardhi, fanya hivyo. La sivyo nunua friji maalumu ya mvinyo, ukijua kwamba umeme ukikatika kwa siku nzima kila mara, faida yake inapungua. Friji ya jikoni inaweza kuzihifadhi kwa miezi michache, si miaka, kwa kuwa hewa yake ni kavu na mlango hufunguliwa kila saa. Chupa utakazoamua kunywa sasa ziingize kwenye friji kwa nusu saa kabla ya kuzifungua. Maneno ya Wazungu kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani yalihusu vyumba vyao vya zamani, vya nyuzijoto 16 hadi 18, na katika chumba cha Mombasa kileo hupanda puani na kufunika kila harufu nyingine.

SWALI: Je, ninunue kwa kufuata mwaka wa mavuno? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Kwa kiasi. Mwaka 2010 na 2016 zabibu ziliiva polepole na mivinyo yake itadumu muda mrefu. 2014 ulikuwa wa mvua na ubaridi. 2017 ulikuwa wa joto na ukame, na nyingi za mwaka huo ni za kunywa mapema. Lakini mwaka 2002, ambao mvua ya mawe iliharibu mashamba mengi ya Barolo na watengenezaji wengi wakaacha kutoa mivinyo yao ya juu, nyumba ya mvinyo ya Giacomo Conterno ilitoa Monfortino, Barolo yake ya juu kutoka Serralunga, na wajuzi wanaiheshimu mpaka leo. Mjue mtengenezaji kwanza, kisha uulize mwaka.

SWALI: Hapa Brussels Barolo ni ghali. Kuna vilima vingine vyenye mvinyo mwekundu wa kuweka? (Msomaji, Ubelgiji)

JIBU: Vipo, na karibu nanyi. Tazama Cornas, kaskazini mwa bonde la mto Rhône nchini Ufaransa, ambako zabibu za Syrah hupandwa kwenye matuta ya mawe ya matale, na kazi nyingi hufanywa kwa mikono kwa sababu mteremko ni mkali kwa trekta. Rangi yake ni nyeusi kuliko ya Barolo, harufu yake ni ya pilipili manga na zeituni, na inahitaji kusubiriwa vilevile. Bonde la Douro nchini Ureno, ambalo mipaka yake ya mvinyo iliwekwa mwaka 1756, linatoa mivinyo mikavu, yaani isiyo na utamu wa sukari, ya bei nafuu kuliko sifa zake. Na ukibaki Piemonte, tafuta Barbaresco: zabibu ni Nebbiolo ile ile, inakaa miezi 26 tu kabla ya kuuzwa, na kwa kawaida huwa tayari mapema.

SWALI: Nimerithi chupa ya Barolo ya miaka ya sabini, na chini yake kuna tope. Imeharibika? Niifungueje? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Tope hilo ni mashapo tuliyoyataja juu, na hayadhuru, ni machungu tu yakichanganyika. Tazama kwanza kiwango cha mvinyo shingoni. Kikiwa kimeshuka chini ya bega la chupa, hewa imeingia na matumaini ni madogo. Kama kiwango kiko juu, isimamishe chupa siku mbili mahali pa baridi ili mashapo yatulie chini. Kizibo cha umri huo hukatika kwa urahisi, kwa hiyo tumia kizibuo chenye meno mawili membamba yanayopita kati ya kizibo na kioo, ukivuta huku unazungusha polepole. Washa tochi nyuma ya shingo ya chupa, mimina kwenye jagi la kioo kwa mkono usiotetemeka na bila kusimama, na uache kumimina mara tu uzi mweusi wa mashapo utakapoikaribia shingo.

Nusa mara moja. Harufu ya boksi lililoloa maji ni ugonjwa wa kizibo na haitaondoka. Harufu ya vumbi au ya chumba kilichofungwa muda mrefu, kwa upande mwingine, mara nyingi hutoweka katika dakika chache, kwa hiyo usiharakishe kumwaga. Barolo changa unaweza kuimimina muda wa saa nne kabla ya chakula, lakini hii yako imimine wageni wakiwa wameshaketi, kwa kuwa mvinyo wa umri huo unaweza kufifia katika muda wa saa moja.